Pinki au zambarau? Rangi ya chumba cha watoto huchaguliwa ukutani, si dukani

UKIINGIA duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake, Wete au Mkoani na kuomba rangi ya chumba cha watoto wa kike, utapewa kadi yenye vipande vidogo vya rangi. Kipande cha kwanza ni pinki. Cha pili ni pinki iliyokolea kidogo. Cha tatu unakitazama mara mbili: ni pinki au ni zambarau? Cha nne hakika ni zambarau, lakini ukikilinganisha na cha tatu unaanza tena kusita. Nyuma yako wateja wanasubiri saruji na misumari, gari ya shamba inakaribia kuondoka, na binti mkubwa ameshapiga simu mara mbili kukumbusha kwamba yeye hataki pinki. Unaelekeza kidole, unalipa, unaondoka.

Wiki moja baadaye fundi amemaliza kazi, na rangi iliyo ukutani siyo ile uliyoiona kwenye kadi. Mdogo anasema ni zambarau na analia. Mkubwa anasema ni pinki na ananuna. Baba anasema yeye haoni tatizo lolote. Na katika wote hao, hakuna anayesema uongo.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini kwa familia inayopata fedha kwa msimu si dogo hata kidogo. Nyumba nyingi hupakwa rangi pale fedha ya karafuu au ya mwani inapoingia, Sikukuu inapokaribia, au kunapokuwa na harusi. Nafasi hiyo haiji kila mwezi. Tena rangi ikishachanganywa kwa ajili yako, usitegemee muuzaji kukubali kuirudisha. Ndiyo maana ni vizuri mzazi ajue mapema namna ya kuchagua kati ya rangi mbili zinazofanana, bila kupoteza fedha na bila kuwagombanisha watoto.

Rangi mbili za ukoo mmoja

Kinachozifanya rangi hizi zitatize ni asili yake. Chukua rangi nyeupe, tia nyekundu kidogo: umepata pinki. Tia tone la buluu: pinki inapoa na kuanza kuelekea zambarau. Ongeza buluu tena na tena, mwisho unapata zambarau kamili. Hakuna mstari unaoonyesha kwamba pinki imeishia hapa na zambarau imeanzia pale. Vipande viwili vilivyo jirani kwenye kadi vinaweza kutofautiana kwa matone machache tu katika galoni nzima.

Kuna pinki nyingine ambayo imetiwa manjano badala ya buluu. Hiyo hukaribia rangi ya kamba aliyechemshwa, na hakuna atakayeichanganya na zambarau. Ugomvi uko kwenye pinki yenye buluu ndani yake. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "Ipi nzuri?" bali "Hii ndani yake ina nini, buluu au manjano?"

Njia rahisi ya kujua ni kuchukua karatasi nyeupe ya daftari, kuikunja, na kufunika vipande vingine vyote ili kibaki kimoja tu juu ya weupe. Kisha kilinganishe na kitu unachokijua. Kitunguu maji chekundu kilichomenywa kina pinki yenye buluu. Zambarau nyepesi nayo usiipime kwa tunda lenyewe, ambalo likiiva hukaribia weusi. Ipime kwa ulimi wa mtoto aliyetoka kulila.

Wapemba si wageni wa kupambanua rangi. Mchumaji wa karafuu hujua ipi bado ni kijani na ipi imeanza kupata wekundu wa pinki, ikabidi ichumwe kabla haijafunguka. Hahitaji kadi. Lakini yeye huitazama karafuu juu ya mti, kwenye mwanga wa mchana, na nyingine ziko kando yake za kulinganisha. Hivyo ndivyo jicho linavyofanya kazi: hupima rangi kwa mwanga uliopo na kwa vitu vilivyo karibu. Mwanga wa dukani na vitu vya dukani si vya chumbani kwako.

Kwa nini ukuta haufanani na kadi

Sababu ya kwanza ni ukubwa. Kuta nne zikiwa na rangi moja, kila mmoja humulika mwenzake. Mwanga unaogonga ukuta wa pinki huondoka na pinki, ukagonga ukuta wa pili na kuzidi kukolea. Ndiyo maana rangi iliyoonekana ya upole kwenye kadi huonekana kali chumbani. Mafundi wazoefu husema: ile unayoipenda kwenye kadi, chukua iliyo hafifu yake.

Sababu ya pili ni kilicho nje ya dirisha. Kisiwa chetu ni cha kijani. Mwanga unaoingia chumbani baada ya kupita kwenye migomba, miembe au mikarafuu huja na ukijani wa majani. Kijani na pinki hazipatani: pinki hafifu hufifia na kuonekana kama imechanganywa na majivu. Kinyume chake, dirisha likitazama uwanja wa udongo mwekundu, au ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya manjano, zambarau husogea upande wa pinki. Dirisha la magharibi nalo hupokea jua la alasiri lenye umanjano, ambalo halifanani na mwanga wa saa 6 mchana.

Sababu ya tatu ni taa. Zamani chumba cha kulala kilimulikwa kwa kandili au kibatari, na rangi ya ukuta usiku haikuwa hoja. Tangu mwaka 2010, Pemba hupata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na katika nyumba nyingi watoto hudurusu usiku kwenye taa. Tazama boksi la taa yenu. Ikiwa imeandikwa 6500K, mwanga wake ni mweupe wenye ubuluu, na pinki yako itasogea kuelekea zambarau. Ikiwa imeandikwa 3000K au karibu na hapo, mwanga wake ni wa manjano: pinki itapata joto, na zambarau itapoteza ubuluu wake na kuonekana ya kahawia au kijivu. Rangi mbili zilizotofautiana vizuri mchana zinaweza kufanana kabisa usiku.

Sababu ya nne ni vitu vya chumbani. Chandarua cha buluu, pazia la kijani, kitanda cha mbao nyekundu, kabati jeupe: vyote hivyo huivuta rangi ya ukuta upande mmoja au mwingine. Familia nyingi hupaka rangi kwanza halafu hufikiria pazia. Kama pazia lipo na halitabadilishwa mwaka huu, lianze hilo. Ni rahisi zaidi kupata rangi inayolingana na pazia kuliko kununua pazia jipya.

Baba anaposema zote sawa

Katika nyumba nyingi mama na mabinti hubishana, na baba hujibu kwamba haoni tofauti. Wengine humwona hajali. Lakini wapo watu waliozaliwa na macho yasiyopambanua vizuri rangi, na hali hiyo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Kwa mtu wa namna hiyo zambarau inaweza kuonekana buluu, na pinki hafifu inaweza kuonekana kijivu. Si ugonjwa wa kutibiwa wala si ukaidi.

Ni vizuri kulijua hilo kwa sababu linaweza kumhusu mtoto pia. Mtoto wa kiume ambaye kila mara hukosea penseli za rangi skuli huenda hachezi. Mwalimu na mzazi wakijua mapema, hawatamkaripia kwa jambo ambalo si kosa lake.

Jaribio la siku mbili

Kabla ya kununua galoni, fanya jaribio hili. Nunua kopo dogo kabisa la kila moja ya rangi mbili unazosita baina yake. Kama duka halina makopo madogo, mwombe fundi akuchanganyie kidogo kwa nyeupe na rangi za kuchanganyia, huku akiandika kipimo. Tafuta vipande viwili vya ubao mwembamba au boksi gumu, kila kimoja kiwe na upana wa nusu mita hivi. Vipake nyeupe kwanza, kisha kila kimoja rangi yake, mikono miwili. Usihukumu kabla haijakauka. Rangi nyingi za maji hukolea zikikauka.

Usipake mraba mdogo katikati ya ukuta uliokwisha kuwa na rangi nyingine. Rangi ya zamani iliyozunguka itakudanganya. Ubao una faida nyingine: unahamishika. Usimamishe kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, kisha kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe, kisha pembeni palipo giza.

Utazame mara tatu kwa siku: saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, na saa 3 usiku taa ikiwa imewashwa. Tazama ubao mmoja peke yake, uuondoe, ndipo ulete wa pili. Ukiziweka rangi zote mbili pamoja muda wote, jicho litashughulika na tofauti zao na kusahau swali la msingi: je, nikiamka kila siku na hii peke yake, nitaridhika?

Siku ya pili rudia. Ikiwa bado zinalingana, jiulize watoto huwa chumbani humo saa ngapi hasa. Asubuhi wako skuli, alasiri wako chuoni au nje wanacheza. Chumba wanakiona zaidi usiku. Basi ichukue ile iliyopendeza usiku.

Nani aamue?

Hapa ndipo penye uzito kuliko kopo la rangi. Katika nyumba nyingi mabinti wawili au watatu hulala chumba kimoja. Mdogo ana miaka 6 na anapenda pinki kama mkoba wake wa skuli. Mkubwa ana miaka 13 na hataki kusikia pinki, kwa sababu kwake ni rangi ya utoto, naye ameshaanza kujiona mtu mzima. Anapotaka zambarau hazungumzii rangi tu. Anawaambia wazee wake kwamba amekua na angependa hilo lionekane.

Mzazi anayejibu "Mtalala chumba nilichokupeni" ana haki yake, kwani fedha ni yake na nyumba ni yake. Lakini amepoteza nafasi nzuri ya kuwafundisha watoto kushauriana. Njia inayofaa ni hii: wazee wachague kwanza rangi mbili au tatu ambazo wao wenyewe wanaziridhia, kwa bei na kwa sura. Baada ya hapo watoto wachague miongoni mwa hizo tu. Usimuulize mtoto "Unataka rangi gani?" kisha ukatae jibu lake. Hilo humuumiza kuliko kutoulizwa.

Wakishindwa kukubaliana, zipo njia za katikati. Ya kwanza ni kupaka kuta tatu pinki hafifu sana, na ukuta mmoja ulio nyuma ya kitanda cha mkubwa kupakwa zambarau. Kwa kuwa rangi hizi ni za ukoo mmoja, hukaa pamoja bila kugombana, mradi zote mbili ziwe zenye buluu. Ya pili ni kupaka kuta zote nyeupe yenye upinki wa mbali, kisha kila mtoto akapata rangi yake kwenye shuka, pazia au kanga ya kujifunika. Hii ndiyo rahisi zaidi kubadilisha mwakani. Ya tatu ni kuichukua ile rangi ya katikati ambayo mmoja huiita pinki na mwingine zambarau, na kumwachia kila mmoja aiite jina lake.

Na kama chumba kitahamia kwa kaka zao baadaye, msiwe na hofu sana. Kuiona pinki kuwa ya wasichana ni mazoea, na mazoea hubadilika. Mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto nchini Marekani liliwashauri wazazi wawavishe wavulana pinki na wasichana buluu.

Pia jihadharini na ahadi kwamba rangi fulani itamtuliza mtoto mtundu. Mwaka 1979, katika gereza la jeshi la majini mjini Seattle, Marekani, chumba kilipakwa pinki kwa kuaminiwa kwamba ingepunguza ukali wa wafungwa. Habari zilienea duniani, lakini majaribio ya baadaye yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi hayakuthibitisha dai hilo. Mtoto hutulizwa na usingizi wa kutosha, si na kopo la rangi.

Chumba kidogo, dirisha dogo

Zambarau iliyokoza ni nzuri, lakini hula mwanga. Rangi hafifu hurudisha zaidi ya nusu ya mwanga unaoigonga. Zambarau nzito hairudishi hata robo. Katika chumba chenye dirisha dogo, mtoto atalazimika kuwasha taa mchana ili asome. Kama binti anaitaka zambarau nzito, mpe ukuta mmoja, na uwe ule unaopata jua la dirisha.

Kila rangi pia ina aibu yake. Pinki hafifu huonyesha alama za mikono na kalamu. Zambarau nzito huonyesha vumbi, mikwaruzo, na chumvi nyeupe inayotoka ukutani wakati wa mvua. Kwa chumba cha watoto, rangi ya maji yenye mng'ao kidogo hupanguswa kwa kitambaa kwa urahisi zaidi kuliko ile isiyong'aa kabisa.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3.5, chenye kuta za kimo cha mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 13. Zidisha kwa 2.8, utapata mita za mraba 36 na kidogo. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 33. Lita 1 ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini. Kwa mikono miwili unahitaji karibu lita 7, yaani galoni mbili za lita 4, na kidogo kitabaki cha kurekebishia. Ukuta usiosawazishwa hula zaidi.

Ukikosea, hasara haiishii kwenye galoni hizo mbili. Kuifunika zambarau kwa pinki kunahitaji nyeupe kwanza, kisha mikono miwili mingine, na malipo ya fundi mara ya pili. Ukilinganisha na hayo, makopo mawili madogo ya jaribio ni gharama ndogo.

Nunua rangi yote siku moja. Rangi iliyochanganywa leo na ile itakayochanganywa mwezi ujao zinaweza kupishana, na kwa pinki na zambarau kosa dogo la buluu huonekana haraka. Kama ni galoni mbili, mwambie fundi azimimine kwenye ndoo moja na kuzikoroga pamoja kabla ya kuanza. Andika namba ya rangi kwenye daftari la nyumba, kwa sababu kopo hutupwa na kadi hupotea.

Afya ya watoto kwanza

Rangi nzuri haitadumu kwenye ukuta mbaya. Plasta mpya ya saruji iachwe ikauke, mafundi wengi hushauri wiki nne, kwani ukali wa saruji mbichi hula rangi, na baadhi ya pinki na zambarau huathirika upesi. Ukuta wa zamani uliopakwa chokaa ukwanguliwe vizuri, la sivyo rangi ya maji itabanduka pamoja na chokaa. Ukuta unaopanda unyevu au kuota ukungu utibiwe kwanza, na kazi isifanywe katikati ya masika.

La muhimu kuliko yote ni madini ya risasi, ambayo yametumika kwa miaka mingi hasa katika rangi za mafuta zenye kung'aa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo unaokua, na madhara yake hayarekebishiki. Umoja wa Mataifa unapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni. Muulize muuzaji rangi isiyo na risasi, tafuta alama ya ubora ya Taasisi ya Viwango Zanzibar au ya Shirika la Viwango Tanzania, na usinunue kopo lisilo na maelezo.

Kama mlango au ukuta una rangi ya mafuta ya zamani, usipigwe msasa mkavu. Uloweshwe kwanza ili vumbi lisiruke, na vipande vyote vikusanywe na kutupwa mbali na wanapochezea watoto. Watoto na mama mjamzito wasiwepo wakati wa kazi hiyo. Baada ya kupaka, madirisha yaachwe wazi na watoto walale chumba kingine hadi harufu iishe.

Baada ya hapo warudishe wenyewe, na mwache kila mmoja apange upande wake. Siku za mwanzo mtasikia bado wanabishana kama ni pinki au zambarau. Waacheni. Kama waliziona mbao zile mbili mchana na usiku, na wakaulizwa kabla fedha haijatoka, ubishi huo utakuwa wa mchezo tu.